Usingoje Mzee Aanguke Ndipo Apimwe



Katika mtaa wa Dallas hapa mjini Embu (si ile Dallas ya Marekani, ni hii yetu) kulikuwa na mama mmoja wa kikundi, umri wake kama miaka 68. Kazi yake ilikuwa kuuza mboga. Kichwa kilimsumbua mara kwa mara, naye alinunua dawa ya maumivu dukani, akameza, akarudi kwa meza yake ya sukuma wiki. Siku moja hakuja mkutanoni. Tukasikia ameanguka nyumbani, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, maneno hayatoki. Ilikuwa ni presha.

Huko hospitali mwanawe anayefanya kazi Nairobi alisema, "Msiwe na wasiwasi, mimi hukatwa pesa za SHA kila mwezi." Karani akatafuta jina la mama, hakulipata. Familia iliuza ng'ombe wa maziwa. Mama yu hai, lakini mboga hauzi tena.

Mimi nilikaa na mama huyu vikao vingi tukihesabu akiba. Sikuwahi kumwuliza hata siku moja kama amepimwa presha, wala kama ameandikishwa. Ndiyo sababu naandika haya.

BIMA YA SIKU HIZI INAFANYAJE KAZI?

Wengi wetu tulizoea NHIF, iliyoanza mwaka 1966. Hiyo haipo tena. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2023, na tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Ndani yake kuna mifuko mitatu. Tuielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu unalipiwa na serikali. Unahusu matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani, bila kulazwa, katika zahanati na vituo vya afya (ngazi ya 2 na ya 3). Kinachotakiwa ni uwe umeandikishwa. Hata kama hujalipa mchango, una haki ya kumwona mhudumu hapo.

Mfuko wa pili ni wa bima yenyewe. Huu ndio unaochangiwa. Unahusu hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6, kwa mfano mgonjwa akilazwa. Hospitali ya Embu Level 5 iko katika kundi hili.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Huu husaidia pale ambapo fungu la mfuko wa pili limeisha.

Kwa hivyo yule mzee anayesema, "Sina pesa ya SHA, basi sitaenda hata zahanati," amekosea. Ajiandikishe tu, aende. Na yule anayeruka zahanati na kukimbilia hospitali kubwa kwa sababu ya kupimwa presha asishangae akiambiwa alipe. Anzia karibu na nyumbani. Ikihitajika, zahanati itakuandikia barua ya kwenda mbele.

MZAZI HAYUMO KATIKA BIMA YA MWANAWE

Tulirudie hili mpaka kila mtu alishike. Mchango wa mtu humfunika yeye, mke au mume wake, na watoto wake. Baba na mama yake hawamo. Hata kama mwanao ni mwalimu au askari na hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, wewe mzazi unahesabiwa kuwa nyumba yako mwenyewe.

Vilevile, wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopokea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi wasidhani ya kwamba wameandikishwa SHA. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kujiandikisha si kazi ngumu. Unahitaji kitambulisho na simu. Unabonyeza *147# na kufuata maagizo, au unaenda kituo cha afya usaidiwe. Lakini angalieni namba ya simu. Wazee wengi huandikishwa kwa simu ya mjukuu, kisha mjukuu anahama au anabadilisha laini. Ujumbe ukitumwa kwa simu hiyo, shosho anabaki bila habari. Tumieni namba ya mtu anayeishi karibu naye.

PESA ITATOKA WAPI?

Kwa sisi tusio na mshahara, mchango hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba, na hulipwa wa mwaka mzima. Kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wengine hukadiriwa zaidi, kwa hivyo kila mmoja aangalie chake kwanza.

Shilingi 3,600 kwa mara moja ni mzigo kwa muuza mboga. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 70 kila wiki. Hizo ni 1,400 kwa wiki. Kwa wiki 52 zinakuwa 72,800. Nyumba zote 20 zikiwa za kiwango cha chini, zinahitaji 72,000. Zinabaki 800 za daftari na nauli ya mweka hazina. Anzeni na nyumba zenye wazee, halafu wengine wafuate. Na pesa hizi ziandikwe kwa kitabu chake, zisichanganywe na za mikopo.

VIPIMO VYA MTU MZIMA

Bima inalipia ugonjwa uliokwisha kufika. Kupima kunauona ukiwa bado njiani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha ya kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa. Presha haina kelele. Mtu analima, anacheka, anaenda kanisani, kumbe mishipa inaumia.

Mzee wetu apimwe haya:

1. Presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, arudi apimwe siku nyingine ili kuwa na hakika. Kipimo kimoja hakitoshi.

2. Sukari, hasa asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7 au zaidi kabla ya chakula, mhudumu atachunguza zaidi.

3. Macho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Mzee asiyeona vizuri huanguka na kuvunjika.

4. Akina mama waulize juu ya saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Akina baba wanaoamka usiku mara nyingi kukojoa, au mkojo unatoka kwa shida, waseme bila haya. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Huna nguvu ya kutembea mpaka zahanati? Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Ulizeni ni nani anayehudumia kijiji chenu, mkamkaribishe mkutanoni.

Na ukipewa dawa ya presha, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unaimeza. Dawa zikikosekana kituoni, kikundi kiulize kamati ya kituo. Hiyo ni haki yenu.

Mwisho, mkiona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayaeleweki, msimpeleke kulala. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba zetu, ni wazee wangapi wameandikishwa kwa majina yao wenyewe? Tuwataje na kuwaandika.

2. Ni nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu?

3. Tunaweza kuweka shilingi ngapi kila wiki bila kuumizana?

4. Nani atafuatana na wazee kwenda kujiandikisha, na siku gani?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la nne. Tumekwisha kujifunza kwa bei ya ng'ombe mmoja na mkono wa kulia wa mama yetu. Hiyo inatosha.