Kabla Hujalipia Jina, Tazama Una Haki Nalo

Asubuhi ya tarehe 1 Januari, 2021, maelfu ya wenye maduka, mafundi, vyama vya michezo na watu wa nyumbani huko Uingereza walikuta anwani zao za intaneti zimezimika. Tovuti zao hazikufunguka, na barua pepe walizoandikiwa hazikufika. Hawakuwa wameiba kitu, wala hawakuwa wamechelewa kulipa ada. Kosa lao, kama laweza kuitwa kosa, ni kwamba nchi yao ilikuwa imetoka katika Umoja wa Ulaya, na anwani zao ziliishia kwa herufi .eu. Majina yapatayo 80,000 yalisimamishwa siku hiyo.

Ndugu msomaji, jina la kikoa ndiyo ile anwani ambayo mtu huiandika ili kuifikia tovuti, au inayofuata baada ya jina lake katika barua pepe. Karibu kila nchi ina herufi zake mbili za mwisho: Kenya ina .ke, Tanzania ina .tz, Norwe ina .no. Umoja wa Ulaya, ijapokuwa si nchi, nao ulipewa .eu. Wengi wetu hudhani kwamba mtu akiisha kulipa ada, jina limekuwa mali yake kama vile cherehani au baiskeli. Sivyo. Jina hukodishwa kwa muda, na kila mtunza daftari ana masharti yake juu ya nani awe mpangaji.

Daftari la .eu hutunzwa na shirika liitwalo EURid, lenye makao yake Ubelgiji. Lilipofunguliwa kwa watu wote mwezi Aprili, 2006, sharti kubwa lilikuwa ukazi, yaani mtu awe anaishi, au kampuni iwe na makao, ndani ya Umoja huo. Tangu Oktoba, 2019, raia wa nchi za Umoja wanaruhusiwa popote wanapoishi duniani. Kwa hiyo Mkongo mwenye uraia wa Ubelgiji aliyerudi kuishi Lubumbashi anaweza kulipata jina la .eu. Mtanzania afanyaye kazi Berlin naye anaweza, kwa sababu ya ukazi wake. Lakini ndugu yake aliyebaki Temeke hawezi, hata awe na fedha kiasi gani. Na katika nyumba moja ya London, mume Mwitaliano angeweza kubaki na jina lake, ilhali mkewe Mwingereza, waliyelala kitanda kimoja, akapoteza lake.

Waingereza walipewa miezi kadhaa ya kuonyesha kwamba bado wana haki. Walioshindwa walifutwa, na mwanzoni mwa 2022 majina yao yakaachwa huru, achukue yeyote mwenye sifa. Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaifikirii. Anayelichukua jina lililoachwa anaweza kupokea barua zinazoendelea kutumwa kwa mwenyewe wa zamani, zikiwamo za benki.

Palipo na sharti hapakosi ujanja. Kabla ya kufungua mlango kwa wote, Umoja wa Ulaya uliwatanguliza wenye alama za biashara, kuanzia Desemba, 2005, ili majina yao yasinyakuliwe. Kampuni moja ya Marekani, Walsh Optical, iliyouza lenzi zinazovaliwa machoni badala ya miwani, ilikuwa na alama ya Lensworld iliyosajiliwa Ulaya, lakini yenyewe haikuwa na makao huko. Ikafanya mkataba na washauri wa Ubelgiji, Bureau Gevers, wakaliombe jina la lensworld.eu kwa niaba yake. Kampuni nyingine ya Ubelgiji, Pie Optiek, nayo ililitaka jina hilo hilo, ikaenda mahakamani. Mnamo Julai, 2012, majaji wa Luxembourg waliamua kuwa mtu aliyepewa kazi ya kuandikisha jina tu, bila haki ya kuitumia alama katika biashara, si mshiriki wa kweli wa alama hiyo. Kuazima anwani ya jirani hakukutosha.

Kisa cha pili kinachekesha kidogo. Kampuni ya Austria ilitamani jina reifen.eu, maana yake matairi kwa Kijerumani. Neno la kawaida namna hiyo ni shida kulifanya alama ya kuuzia matairi. Basi ikaenda Uswidi, ikasajili alama &R&E&I&F&E&N& kwa ajili ya mikanda ya viti vya magari, ikijua kwamba kanuni za .eu zingeweza kuzitupa zile & na kubakiza neno tupu. Ilisajili maneno 33 kwa mtindo huo. Mwaka 2010 mahakama ile ile ilisema mwenendo wa aina hiyo unaweza kuwa ushahidi wa nia mbaya.

Uingereza yenyewe ilikwisha kuona mambo hayo mapema. Vijana wawili walijiandikishia majina ya makampuni mashuhuri kama Marks & Spencer, na waliwahi kuwataka Burger King walipe pauni 25,000 kwa ajili ya burgerking.co.uk. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani iliyaita majina kama hayo chombo cha ulaghai. Walikuwa wametangulia kujiandikisha, na haikuwasaidia.

Tuje nyumbani. Mama wa Magomeni anayetengeneza achari na kutaka jina linaloishia .co.tz asidhani kwamba kwa kuwa limepatikana, basi hakuna mwenye alama hiyo. Kupewa jina la kikoa si hukumu juu ya alama za biashara. Hata cheti cha jina la biashara si alama ya biashara. Tena ahakikishe kwamba daftarini limeandikwa jina lake mwenyewe, wala si la yule kijana aliyemtengenezea tovuti, maana wakikosana, kijana ndiye atakayeonekana mwenye nalo.

Alama za Tanzania Bara husajiliwa na BRELA, na za Zanzibar husajiliwa na BPRA, kila mmoja kwa sheria yake. Alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haimlindi mwenyewe Unguja. Herufi .tz, hata hivyo, ni za pande zote mbili. Mama huyo, ikiwa chupa zake za achari huvuka kwa boti, ana madaftari mawili ya kutazama kwa ajili ya anwani moja.