Kupima Unyevu wa Mahindi

Wakulima wengi wa Handeni na Korogwe hujua ukavu wa mahindi kwa kuyauma. Lakini twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba jino halitoi hesabu. Viwandani mahindi hupimwa kwa chombo cha umeme, nayo yasizidi unyevu wa sehemu 13 na nusu katika mia. Maana yenye maji hupata joto ghalani, yakaota ukungu. Ukungu mwingine hufanya sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Asiye na chombo hicho atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aizibe, aitikise sana, kisha aiache robo saa. Chumvi ikigandama kiooni, unyevu wapita sehemu 15. Basi yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Isipogandama, yaongezewe siku moja ya jua, ndipo yatiwe ghalani. Twawaomba walimu wawaonyeshe watoto jambo hili, na wenyeviti wa vijiji walihimize kila mavuno.