KUPIMA VITAMINI D NYUMBANI: TONE LA DAMU LINAJIBU NINI, NA HALIJIBU NINI



Miongoni mwa bidhaa za afya zinazotangazwa na kuuzwa siku hizi kwa njia ya simu, vimo vipimo vya damu ambavyo mtu hujipimia mwenyewe nyumbani. Kimojawapo ni kipimo cha vitamini D, ile vitamini inayohusika na uimara wa mifupa. Si ajabu basi katibu wa chama cha msingi akaulizwa na mwanachama: je, ninunue? Wala si ajabu mkutano mkuu ukaletewa hoja kwamba fedha za huduma za jamii zitumike kuwapimia watoto wa wanachama, hasa pale walipo watoto wenye matege. Makala haya yanaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, kinamfaa nani, na kwa nini sisi wa Singida hatuna budi kutazama kwanza mambo mawili kabla ya kutoa fedha, nayo ni chakula cha mtoto na maji ya kisima.

Vitamini D ni nini

Vitamini nyingi hutujia kwa chakula, lakini vitamini D hutengenezwa zaidi na mwili wenyewe. Mionzi ya jua inapoipiga ngozi, mafuta fulani yaliyomo ndani yake hugeuka kuwa vitamini D. Kutoka hapo damu huipeleka kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa umbo la kuwekwa akiba. Kisha figo huligeuza umbo hilo kuwa lile linalofanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kufyonza madini ya chokaa, yaitwayo kalsiamu, kutoka katika chakula. Mifupa hujengwa kwa madini hayo. Vitamini D ni kama fundi, na kalsiamu ni kama tofali: fundi akiwapo na tofali hakuna, nyumba haisimami.

Vyakula vyenye vitamini hii ni vichache: samaki wenye mafuta, dagaa, maini na kiini cha yai. Yafaa ikumbukwe kwamba mafuta yetu ya alizeti, pamoja na ubora wake wote, si chanzo cha vitamini D. Utajiri wake ni vitamini E. Nayo mafuta ya kula yanayorutubishwa viwandani hapa nchini huongezwa vitamini A. Mwanachama asidanganyike akidhani kwamba chupa ya mafuta itachukua nafasi ya jua au dagaa.

Kipimo hufanywaje

Vipo vipimo vya aina mbili. Cha kwanza ni kadi ya karatasi maalumu. Mtu hunawa mikono, hutoboa ubavu wa ncha ya kidole kwa sindano ndogo, hufuta tone la kwanza, kisha huyaacha matone yanayofuata yaangukie ndani ya duara zilizochorwa katika kadi. Kadi hukaushwa kivulini kwa saa kadhaa, mbali na jua, moto na vumbi, ndipo hutiwa katika bahasha na kupelekwa maabara. Huko duara la damu kavu hukatwa na kupimwa kwa mashine.

Njia hii ya damu iliyokaushwa si ngeni. Daktari Robert Guthrie wa Marekani aliieneza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwapima watoto wachanga. Hapa Tanzania akina mama wengi wameiona kliniki, pale mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI anapotobolewa kisigino na damu yake kupelekwa maabara juu ya kadi.

Aina ya pili ni kibao kidogo, mithili ya kile cha kupimia malaria. Hutiwa tone la damu na dawa yake, na baada ya dakika chache mistari hujitokeza. Kibao hiki hutoa jibu la kukadiria tu, kwamba vitamini imepungua au inatosha. Hakiwezi kulinganishwa na mashine ya maabara.

Katika aina zote mbili, kosa dogo la mkono huharibu jibu. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, damu huchanganyika na majimaji ya mwili. Tone likidondoshwa juu ya tone jingine, au kadi ikifungwa ikiwa bado mbichi, maabara hupima kitu kisicho sahihi. Lipo na jambo la nne ambalo mpimaji hawezi kulirekebisha. Vitamini D imo katika majimaji ya damu, wala si katika chembe nyekundu. Kwa hiyo maabara inayotumia kadi hukisia kiasi cha chembe hizo ili kupata hesabu yake. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kwa sababu ya malaria, minyoo au ujauzito, jibu lake laweza kupotoka hata kama amefuata kila agizo.

Kusoma jibu

Jibu huandikwa kwa vipimo viwili tofauti, na jambo hili limewatia hofu watu wengi bure. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Hivyo mwenye 20 katika karatasi moja na mwenye 50 katika karatasi nyingine wako sawasawa.

Kamati ya wataalamu wa Marekani ilitoa taarifa yake mwaka 2010, ikasema kwamba nanogramu 20 zawatosha karibu watu wote, na kwamba hatari kwa mifupa iko chini ya 12. Wengine waliweka mpaka kwenye 30, na kwa mpaka huo watu wengi wenye afya waliambiwa kuwa wana upungufu. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, ambacho ndicho kilichokuwa kimeupendekeza mpaka wa 30, kiliacha kuushikilia, kikashauri pia kwamba watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama desturi tu. Kama huko, ambako majira ya baridi hulifanya jua lisiweze kuitengeneza vitamini hii kwa miezi kadhaa, ushauri ndio huo, sisi tulio karibu na Ikweta tuna sababu zaidi ya kuuzingatia.

Jua letu na ushahidi wake

Mkoa wa Singida uko yapata digrii 5 kusini mwa Ikweta. Jua lenye uwezo wa kutengeneza vitamini D hutuangazia mwaka mzima. Ushahidi haukutoka mbali. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kupima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao za asili. Wahadzabe ni watu wa kandokando ya Ziwa Eyasi, na baadhi yao ni wakazi wa Mkalama, wilaya ya mkoa wetu. Wastani wa wote ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, yaani nanogramu 46 kwa mililita, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachotosha. Hao hawakumeza kidonge, walitembea juani.

Mkulima anayepalilia alizeti au kuchunga ng'ombe tangu asubuhi hana tofauti kubwa na hao kwa upande wa jua. Walio katika hatari ni wengine: mgonjwa asiyetoka kitandani, mzee anayefungiwa ndani, mtoto anayefunikwa nguo gubigubi kila atolewapo nje. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia mionzi inayohitajika.

Tahadhari moja haina budi kusemwa waziwazi. Ushauri wa kuota jua hauwahusu ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao hutengeneza vitamini D kwa jua dogo sana, na jua kali huwaletea saratani ya ngozi. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli ndiyo kinga yao.

Yapo pia mafunzo kutoka Dar es Salaam. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI, ambao damu yao ilionyesha vitamini D chini ya nanogramu 30, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa vitamini D, jingine vidonge visivyo na dawa. Vifo havikupungua kwa waliopewa vitamini, wala kifua kikuu hakikupungua. Namba ndogo katika karatasi si lazima iwe ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Matege: swali ambalo kipimo hiki hakilijibu

Tufike sasa kwenye jambo linalowagusa wazazi. Mtoto wa chini ya miaka miwili aghalabu huwa na miguu iliyopinda kidogo, nayo hujinyoosha anapokua. Bali ikizidi kupinda baada ya umri huo, au mguu mmoja ukipinda zaidi ya mwingine, apelekwe kwa mganga.

Wengi husema matege ni upungufu wa vitamini D. Yawezekana, lakini katika Afrika si hivyo siku zote. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa watoto 123 wa Nijeria wenye ugonjwa huo wa mifupa laini, katika nchi yenye jua tele. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Fundi alikuwapo; tofali ndilo lililokosekana. Mtoto anayelishwa ugali na mboga kidogo, bila maziwa wala dagaa wa kutafunwa na mifupa yao, aweza kuwa katika hali hiyohiyo.

Chanzo kingine kimo ardhini mwetu. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina madini mengi ya floraidi, kama ilivyo Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu hupinda, na mtoto asiyepata kalsiamu ya kutosha huumia zaidi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki na kuzidi ukali. Magadi ya kupikia nayo, kwa kutegemea yalikochimbwa, yaweza kuwa na floraidi nyingi.

Kipimo cha vitamini D hakionyeshi floraidi, wala hakipimi kalsiamu iliyomo katika chakula. Mzazi aweza kupewa jibu jema, akarudi nyumbani ameridhika, na mtoto akaendelea kunywa maji yaleyale.

Ushauri kwa vyama

Kwa kuzingatia hayo, vyama vyaweza kufuata utaratibu ufuatao:

1. Fedha za pamoja zisitumike kuwapima wanachama wote wenye afya. Kipimo ni cha mtu ambaye mganga ameona dalili zake: mtoto mwenye matege yanayozidi, mgonjwa wa figo au ini, atumiaji wa muda mrefu wa dawa za kifafa, au mtu asiyeliona jua.

2. Mganga akiagiza kipimo, ni bora damu ichukuliwe katika mshipa hospitalini, na kalsiamu ipimwe pamoja nayo.

3. Anayejipimia mwenyewe nyumbani atumie sindano mpya kila mtu, aiharibu kwa usalama, na alipeleke jibu kwa mganga. Asimeze vidonge vya nguvu nyingi kwa kujiamulia. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kudhuru figo.

4. Kijiji chenye watoto wenye meno ya kahawia kiombe maji yake yapimwe floraidi, kwa kupitia ofisi ya RUWASA ya wilaya. Kila kisima kipimwe peke yake, kwani visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana sana. Kisima kitakachoonekana salama kitengwe kwa maji ya kunywa na kupikia ya watoto.

5. Wanachama wenye kuku na ng'ombe wahimizwe kuwabakizia watoto mayai na maziwa kabla ya kupeleka yote sokoni. Kuku wa Singida husafirishwa hadi Dar es Salaam. Yai moja libaki nyumbani.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo wananchi walikusanyika kwa vikundi kuisikiliza redio, wakajadiliana chanzo cha maradhi, ndipo wakashika majembe kuchimba vyoo. Utaratibu ule wa kukitafuta chanzo kabla ya kutoa nguvu ungali unafaa. Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya katika mkutano ujao wa chama, na kuandika katika kumbukumbu za mkutano majina ya visima ambavyo maji yake hayajapata kupimwa.