Kompyuta moja, wapangaji wawili: Weka Linux ucheze gemu, lakini Windows usiifukuze!

Kama kompyuta yako ina umri wa miaka tisa au kumi, bila shaka umeshasikia maneno ya kukatisha tamaa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha rasmi kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo ina maringo. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane inazikataa karibu zote. Basi mashine iliyokuwa inacheza gemu vizuri tu, ghafla inaitwa mkweche.

Ndiyo maana siku hizi vijana wanashauriana: "Weka Linux mshkaji, ni ya bure!" Kweli ni ya bure, na mimi mwenyewe ninayo. Lakini anayekwambia ufute Windows yote siku ya kwanza hakutakii mema. Ndani ya hiyo kompyuta kuna kazi za chuo, kuna picha za harusi ya dada, kuna gemu ambazo Linux haiziwezi. Nyumba ni yako, kwa hiyo weka wapangaji wawili, kila mmoja na chumba chake.

HUYU LINUX NI NANI?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa miaka mingi ilisifika kwenye seva na kwa mafundi wa kompyuta, lakini kwenye gemu ilikuwa kasheshe. Gemu nyingi hutengenezwa kwa ajili ya Windows, na Linux ilikuwa haielewi lugha yake.

Mambo yalibadilika Agosti 2018, pale Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipotoa Proton. Mchukulie Proton kama mkalimani. Gemu inazungumza Kiwindows, Proton anatafsiri papo hapo, Linux inaelewa na kutii. Februari 2022 Valve wakaanza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux. Leo gemu nyingi za kucheza peke yako, kama The Witcher 3 na Elden Ring, zinakwenda bila matata.

KWANZA ULIZIA GEMU YAKO

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Gemu za kushindana kwenye intaneti zina programu za kukamata wadanganyifu, na baadhi ya walinzi hao hawataki hata kuiona Linux. Valorant haichezi. Fortnite haichezi. Apex Legends ilikuwa inacheza, wakafunga mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA Online nayo ilifuata njia hiyo Septemba 2024, ingawa GTA V ile ya hadithi bado inacheza. Na nyie wa kandanda, EA Sports FC 25 isahauni upande wa Linux.

Kwa upande mwingine, Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo lake la Linux kabisa, hazihitaji mkalimani.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika gemu tano unazocheza kweli, siyo zile za kujisifia kijiweni. Kisha zitafute moja moja kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe wanaeleza ipi inacheza na ipi inagoma. Nyumbani kwangu mdogo wangu ni mtu wa kandanda la mtandaoni, kwa hiyo yeye anaishi Windows. Mimi napenda gemu za hadithi, naishi Linux. Mashine ni moja na hatugombani.

KABLA HUJAGUSA DISKI

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Fanya haya kwanza, na usiruke hata moja:

Kwanza, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Kugawa diski ni kazi salama ukiwa makini, lakini diski haina huruma kwa asiye na nakala.

Pili, angalia kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker. Kama ndiyo, andika ule ufunguo wake wa dharura uuweke nje ya kompyuta hiyo. Baada ya mabadiliko Windows inaweza kuudai, na bila huo hutaingia.

Tatu, ndani ya Windows zima kitu kinaitwa "Fast Startup". Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kabisa, inasinzia tu huku imeshikilia diski.

Nne, tenga chumba cha mgeni. Fungua "Disk Management", bofya sehemu ya C, chagua "Shrink Volume". Linux Mint, ambayo ndiyo ninayomshauri mgeni, inaweza kuishi kwenye GB 20, lakini gemu ni walafi. Tenga GB 100 au zaidi. Kama una diski ya pili, mpe Linux hiyo, utalala usingizi mzuri zaidi.

Tano, umeme! Laptopu iwe imejaa chaji na waya umechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kugawa diski, usije ukasema sikukwambia.

SIKU YENYEWE

Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Pakua Linux Mint kutoka tovuti yao. Ni karibu GB 3, kwa hiyo pigia hesabu bando lako. Kisha iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kuinakili tu kama wimbo hakusaidii.

Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea kampuni iliyoitengeneza, halafu chagua flashi. Linux itafunguka bila kugusa chochote kwenye diski. Hapo ndipo utamu ulipo! Jaribu sauti, jaribu Wi-Fi, tazama kioo kinavyoonekana. Kama kuna kitu kimegoma, unachomoa flashi na hujapoteza kitu.

Ukiridhika, anza kuiweka. Utafika kwenye swali moja zito. Jibu lako ni "Install Linux Mint alongside Windows Boot Manager", yaani kando ya Windows. Ile ya "Erase disk" inafagia kila kitu. Na kama hiyo ya kwanza huioni kabisa, simama hapo hapo, usibahatishe. Toka, rudi ukahakikishe hatua za juu.

Ikimalizika, kila ukiwasha kompyuta utaona orodha inayokuuliza leo unakwenda wapi, Linux au Windows.

UKISHAHAMIA

Kama kadi yako ya picha ni NVIDIA, fungua "Driver Manager" uweke draiva wanayokupendekezea. AMD na Intel draiva zao zimo tayari. Kisha weka Steam, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Compatibility", uhakikishe Proton imeruhusiwa kwa gemu zote.

Usichezee gemu moja kwa moja kutoka kwenye chumba cha Windows, mara nyingi huleta usumbufu. Lakini si lazima umalize bando upya. Gemu zinazopitia kwa Proton, nakili folda yake kutoka Windows uiweke kwenye folda ya "common" ya Steam upande wa Linux, halafu bonyeza kuiweka. Steam itayakuta mafaili na kuyakagua.

Jambo jingine linalowachanganya watu hapa kwetu ni saa. Unaweza kurudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Siyo kirusi. Linux huhesabu kwa saa za dunia, na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Ndani ya Linux fungua "Terminal", andika timedatectl set-local-rtc 1, yamekwisha.

ASIKUDANGANYE MTU

Linux haiongezi nguvu kadi ya picha iliyochoka. Gemu iliyokuwa inakwama Windows inaweza kukwama huku pia. Unachopata ni mfumo mwepesi, unaopata masahihisho ya usalama bila kulipa, kwenye mashine ambayo wengine walishaiita skrepa.

Kaa na wapangaji wote wawili mwezi mzima, ukiangalia ni mlango upi unaufungua mara nyingi zaidi. Na ile Windows 10 ukiifungua kwa ajili ya gemu, cheza gemu tu. Mambo ya benki na barua pepe fanyia Linux, maana huko ndiko mlinzi bado yuko kazini.

Wikiendi njema, na mpige magoli!