Kaptura ya Ngozi: Mbona Watoi wa Bavaria Hawafui Hii Nguo?

Ukicheki picha za Oktoberfest, hutakosa katoi kamedunga kaptura ya ngozi yenye mikanda ya mabegani, shati ya drafti na soksi ndefu. Wengi hudhani ni luku ya watalii tu. Zii, hiyo kaptura imetoka mbali.

Inaitwa lederhosen, yaani suruali ya ngozi, na si vazi la asili la Wajerumani wote. Kwao ni Bavaria, kule kusini kwenye milima ya Alps, pamoja na majirani wao wa Austria. Ukimwambia msee wa Hamburg kwamba hilo ndilo vazi la mababu zake, atakuangalia vibaya.

Lakini miaka ya 1950 na 1960 maboi wa Ujerumani Magharibi, hata wa kaskazini, walikuwa wanaidunga shuleni na mtaani. Hapo hakukuwa na stori ya utamaduni. Vita ilikuwa imeisha 1945, familia nyingi zilikuwa zimesota, na ngozi hairaruki ovyo. Unapanda mti, unateleza kwa makalio juu ya mawe, kaptura bado iko sawa. Kwa mashine ya kufua haiingii. Uchafu unapanguswa, maisha yanaendelea. Tena ikishashika mafuta na jasho hadi ing'ae, hapo ndipo ilikuwa kali. Mpya ilikuwa ya kuchekwa! Ikikubana, inamwendea bro mdogo, halafu binamu. Wale wa kurithi sweta za shule mnaelewa.

Miaka ya 1970 jeans zikachukua nafasi yake, na huko mijini ikabaki nguo ya sherehe.

Si mara ya kwanza kukaribia kuzikwa. Karne ya 19 watu wa mjini waliiona ya washamba, hadi 1883 mwalimu Joseph Vogl wa kijiji cha Bayrischzell akakusanya wenzake wakaanzisha chama cha kulinda mavazi ya kwao. Vyama kama hivyo vingalipo, na ndani yake watoi hufunzwa Schuhplattler, densi ya kujipiga mapaja na soli za viatu. Jaribu hiyo na longi ya kitambaa, hutasikia ule mlio.

Wasichana hudunga dirndl: gauni la kubana kiunoni, blauzi na aproni. Lilianza kama nguo ya kazi ya wafanyakazi wa kike. Watu wazima husema fundo la aproni likiwa kushoto dem yuko single, kulia ameshachukuliwa. Watoto hawako kwa hizo maneno.

Shida ni doh. Ngozi halisi ni ghali na mtoto hakomi kukua, ndiyo maana wazazi wengi husaka za mitumba. Angalau fundi wa kitambo aliliwaza hilo: nyuma ya kiuno kuna kamba, na mtoi akinenepa, mathe anailegeza tu.