Ng'ombe anapougua Nyamira, nani huenda hospitali?

MPENZI msomaji, huenda tayari umekunywa chai ya maziwa kabla ya kulifungua gazeti hili. Je, umewahi kujiuliza maziwa hayo yalitoka kwa ng'ombe yupi, na ni lini ng'ombe huyo alipoonwa na daktari mara ya mwisho?

Kwa mkazi wa mji wa Kisii, swali la kwanza si gumu. Maziwa yanayochuuzwa mjini hutoka vijijini, kuanzia Suneka na Ogembo hadi Keroka, Nyansiongo na Nyamira, yakibebwa kwa pikipiki na matatu. Swali la pili ndilo gumu, na ndilo lililotuleta hapa leo.

Nchi ya Wakisii ni ya milima, mvua nyingi na mashamba madogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Ukiondoa sehemu kama Borabu, ambako mashamba ni makubwa kiasi, familia nyingi zina kishamba chenye chai, migomba, mahindi na kipande cha nyasi za napia. Nyuma ya jikoni kuna banda, na ndani ya banda kuna ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Ng'ombe huyo ndiye karo ya shule, ndiye mboga na ndiye benki ya nyumbani. Akiugua, nyumba nzima huugua naye.

Usiku bandani

Tuseme ni saa nane za usiku katika kijiji kimoja cha Nyamira. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba anahangaika bandani. Mama mwenye boma anatoka na taa, akifuatwa na mwanawe. Wanakuta ndama ametoka akiwa mfu, na kondo la nyuma limening'inia. Mama anakunja mikono ya sweta na kuanza kulivuta kwa mikono mitupu. Ndama anatupwa kichakani, na kabla ya mapambazuko mbwa wamekwisha kumfikia.

Kulipopambazuka, jirani anasema, "Pole, ni bahati mbaya tu." Baada ya siku chache ng'ombe anakula vizuri na anaanza kutoa maziwa, na kila mtu anashukuru. Hakuna aliyemwita daktari, kwa kuwa mgonjwa amekwisha kupona.

Hapo ndipo hatari ilipo, ndugu msomaji. Kuna magonjwa kadhaa yanayomfanya ng'ombe atupe mimba, lakini linalopaswa kuogopwa kwanza ni brusela. Ng'ombe aliyeambukizwa brusela kwa kawaida hutupa mimba mara moja tu, mara nyingi baada ya mwezi wa tano. Baadaye huweza kuzaa kama kawaida na kuonekana mzima kabisa. Hata hivyo, vijidudu hubaki mwilini mwake maisha yake yote, na hutoka katika maziwa na katika uchafu wa uzazi. Hakuna dawa ya kumtibu ng'ombe huyo inayopendekezwa.

Daktari yuko wapi?

Mtu akivunjika mguu Nyamira na jambo likawashinda madaktari wa huko, anaandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ng'ombe hana hospitali ya namna hiyo karibu. Hospitali kubwa ya mafunzo ya wanyama iko Kabete, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mamia ya kilomita kutoka Kisii.

Zamani serikali ndiyo iliyokuwa ikimtuma daktari wa mifugo vijijini, na majosho ya kuogesha ng'ombe yalikuwa mikononi mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 huduma nyingi ziliachiwa watu binafsi na vikundi vya wafugaji. Tangu 2013, huduma za mifugo zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Leo anayefika kwanza bandani mara nyingi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, akiwa na pikipiki, mkoba wa dawa na buti za mpira.

Wengi wao wamesomea kazi hiyo na wanaifanya kwa moyo. Lakini wapo pia matapeli waliojifunza kudunga sindano kwa kutazama tu. Sheria ya 2011 inataka kila daktari wa mifugo na kila msaidizi wake asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kumwomba akuonyeshe cheti chake kabla hajamgusa ng'ombe wako. Usione haya, kwani atakayemdunga ng'ombe ni sawa na aliyetia mkono katika kikombe chako.

Siku moja katika hospitali ya wanyama

Ukifika katika hospitali ya wanyama kama ile ya Kabete, utaona kwamba kazi haitofautiani sana na ya hospitali ya binadamu. Asubuhi wagonjwa hupokewa: upande mmoja mbwa na paka, upande mwingine ng'ombe, mbuzi na punda. Wanafunzi, ambao husomea udaktari huu kwa miaka mitano, huvaa maovaroli na kuanza kuuliza maswali. Ng'ombe ana umri gani? Alizaa lini? Alikula nini jana? Kwa kuwa mgonjwa hawezi kusema, mwenyewe ndiye husema kwa niaba yake, na akificha jambo, tiba hupotea njia.

Kisha joto la mwili hupimwa, moyo na tumbo husikilizwa, tezi zilizo chini ya masikio hushikwa. Zikiwa zimevimba na ng'ombe ana homa kali, daktari hufikiria ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikio, ambao huua upesi usipotibiwa mapema. Wapo wanaohitaji picha ya eksirei, na wapo wanaohitaji kisu. Ng'ombe aliyemeza msumari au waya anaweza kutobolewa tumbo hadi karibu na moyo. Mwingine hufunguliwa tumbo na kutolewa mifuko ya plastiki aliyoila pamoja na takataka. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine bado zimetapakaa sokoni na mitaroni.

Wakisii ni watu waliojua upasuaji tangu jadi. Waganga wao wa kupasua kichwa wamejulikana mbali na kuandikwa na madaktari wa kigeni. Lakini ng'ombe aliyekwama na ndama tumboni huko Ekerenyo hawezi kungoja lori la Nairobi. Gharama ni kubwa, safari yenyewe inaweza kumuua, na kumhamisha mnyama kunahitaji kibali cha afisa wa mifugo. Kwa hiyo daktari ndiye hulazimika kumfuata mgonjwa. Akifika, humpasua palepale bandani, akiwa amemchoma sindano ya ganzi ubavuni, huku jirani akishika taa na ndoo ya maji moto.

Sampuli husafiri, ng'ombe hubaki

Kwa ugonjwa kama brusela, habari njema ni kwamba ng'ombe hahitaji kusafiri hata kidogo. Kinachosafiri ni damu yake. Daktari huchukua damu katika kijichupa, na ikiwezekana sehemu ya kondo la nyuma au ya ndama aliyekufa, akafunga vizuri na kuweka ndani ya kisanduku chenye barafu. Kericho kuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, na ile kuu iko Kabete.

Katika maabara, tone la maji ya damu huchanganywa na dawa yenye rangi ya waridi, kipimo kinachoitwa Rose Bengal. Yakishikana vibonge vibonge, kuna dalili ya ugonjwa, na vipimo vingine hufuata ili kuthibitisha. Ni jambo la dakika chache. Linalochelewesha ni sisi wenyewe, tunapodhani kwamba ng'ombe anayekula majani ni ng'ombe mzima.

Homa isiyo malaria

Sasa turudi kwa mama yetu wa Nyamira. Wiki kadhaa zimepita. Anaanza kupata homa ya kuja na kuondoka. Usiku anatoa jasho hadi shuka linalowa. Kiuno na magoti yanauma na nguvu hana. Anakwenda kununua dawa ya malaria. Anapata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Anaambiwa ni homa ya matumbo na anameza dawa nyingine. Miezi inapita, na maziwa aliyouza wakati huo wote yamekwisha kunywewa mjini.

Wakazi wa milima ya Kisii wana sababu ya kuogopa malaria, kwani katika miaka ya 1990 ugonjwa huo uliwavamia mara kadhaa kwa mlipuko. Lakini si kila homa ni malaria. Mtu huambukizwa brusela kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika damu, ndama mfu na kondo la nyuma bila kujikinga, hasa akiwa na mchubuko mkononi. Ugonjwa ukiachwa huweza kuingia katika uti wa mgongo na viungo, kuvimbisha korodani za wanaume, kuharibu mimba za wanawake, na kwa wachache kushambulia moyo.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alivigundua vijidudu vyake katika kisiwa cha Malta, ambako askari walikuwa wakiugua homa isiyoeleweka. Mwaka 1905 daktari wa hukohuko, Themistocles Zammit, aligundua kwamba mbuzi wa maziwa walikuwa na ugonjwa huo ingawa walionekana wazima. Jeshi lilipoacha kuwapa askari maziwa hayo, homa ilipungua sana.

Tiba kwa binadamu ipo, lakini ni ndefu. Daktari hutoa dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida kwa wiki sita. Anayeacha baada ya wiki mbili kwa kuwa homa imekwisha anajitafutia ugonjwa kurudi. Mwanamke mjamzito amwarifu daktari mapema, kwani dawa nyingine hazimfai. Na ukipimwa, uliza ni kipimo gani kimetumika, maana baadhi ya vile vya zamani vya zahanati vimeonekana kudanganya mara nyingi.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, chemsha maziwa hadi yafure, hata kama muuzaji ni rafiki yako wa miaka mingi. Maziwa ya mtindi, yale ambayo Wakisii huyaita amabere amaruranu, ni chakula kizuri, lakini yachemshwe kabla ya kugandishwa. Uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa.

Pili, jua kwamba kuchemsha hakuondoi kila kitu. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele huwa na dawa katika maziwa yake kwa siku kadhaa, na dawa nyingi za namna hiyo haziishi kwa moto. Zinaweza kumdhuru mtu asiyepatana na penisilini, na huvizoesha vijidudu dawa. Kila chupa ya dawa huandikwa siku za kungoja. Mfugaji azihesabu na kuyamwaga maziwa ya siku hizo.

Tatu, kama una ng'ombe kijijini kwenu, na wasomaji wengi wa mjini wanaye, waambie wazee na vijana wa nyumbani wasimzalishe kwa mikono mitupu. Glovu ni bei ndogo kuliko wiki sita za dawa. Ng'ombe akitupa mimba, atengwe, daktari aitwe siku hiyohiyo, na baada ya sampuli kuchukuliwa, ndama na kondo la nyuma vizikwe shimo refu mbali na mbwa.

Nne, usinunue ng'ombe kabla hajapimwa damu. Mitamba inaweza kuchanjwa ikiwa midogo, lakini chanjo hiyo ina vijidudu hai, kwa hiyo ni kazi ya daktari peke yake.

Tano, ukienda hospitali na homa isiyoisha, mwambie daktari kama unafuga, unachinja au unakunywa maziwa mabichi. Asipoambiwa, hatajua la kutafuta.

Limebaki jambo moja chungu. Majibu ya maabara yakithibitisha brusela, mama yetu afanye nini na ng'ombe wake wa pekee? Kishawishi ni kumpeleka sokoni upesi, kabla habari hazijaenea. Lakini anayefanya hivyo anahamisha homa kutoka nyumba yake hadi nyumba ya mwenzake, na huenda maziwa hayohayo yakamrudia siku moja ndani ya kikombe cha hotelini. Njia ya haki ni kumsikiliza afisa wa mifugo, ambaye atashauri ng'ombe huyo aondolewe kwa kuchinjwa chini ya ukaguzi.

Ni hasara kubwa, na hakuna mtu wa kumcheka anayelia kwa ajili yake. Lakini wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Ng'ombe wa Nyamira akikosa daktari leo, kesho mgonjwa atakayepanga foleni hospitalini Kisii huenda akawa ni wewe.