Mhubiri Yuko Uani

Jumapili ni ya kanisani, hilo halina mjadala. Ila msomaji wangu, kwa sisi tunaoishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, Jumamosi nayo ina mahubiri yake. Funga kanga kiunoni, shika jembe, toka uani. Mimi na mume wangu tumefanya hivyo kwa miaka kadhaa, na haya ndiyo tuliyovuna.

Chimba, usifyeke tu
Masika yakianza, wiki mbili tu bila palizi na ndago zimeshatawala. Ukizipitishia fyekeo uwanja unapendeza, lakini vile viazi vyake vidogo viko chini, vinakusubiri. Kinyongo cha ndoa kiko hivyo hivyo. "Basi yaishe" ya mdomoni ni fyekeo. Msamaha wa kweli unataka kuchimba: mkae, mtaje kilichouma, mkisamehe hadi mzizi.

Usifagie hadi udongo
Wengi tunapenda uwanja mweupe, usio na hata jani. Lakini huku kwenye miteremko, udongo ulioachwa wazi huondoka na mvua hadi mitoni, na Mto Ruvu unaoanzia milima hii ndio tegemeo kubwa la maji la Dar es Salaam. Majani makavu yakiwekwa kwenye mashina hutunza unyevu, kisha huoza yakawa mbolea. Ndivyo ilivyo hata kwa mimba iliyotoka, kazi iliyopotea, mwaka wa madeni. Tunatamani kuvifagia visionekane. Kumbe kwa Mungu hakuna taka. Kilichotuangukia hukigeuza rutuba.

Ngazi za amri
Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi mashambani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilisikika nzuri, lakini kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mara nyingi udongo wenye rutuba ulifukiwa, ukaja juu ule usiozaa. Mwaka 1955 watu walikataa, vurugu zikatokea, na mpango ukafa. Lakini nenda upande wa Mgeta: utaona ngazi zimebeba mboga, kwa sababu mkulima anaona faida yake.

Hebu jiulize, unamvuta mwenzako kwenye maombi kwa kufoka? Mungu mwenyewe hubisha hodi, havunji mlango. Imani ya amri hufukia rutuba.

Jumamosi hii
Zimeni simu nusu saa. Mmoja apalilie, mwingine akusanye majani. Ongeeni mkiwa na udongo mikononi. Maneno magumu hutoka kirahisi macho yakiwa kwenye kazi.

Halafu usiku someni mfano wa mtini usiozaa, Luka 13. Mwenye shamba alitaka ukatwe, mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi. Wala hakuishia kuomba: aliahidi kuupalilia na kuutia samadi. Je, nyumbani kwako ni nani anahitaji huo mwaka mmoja, na wewe uko tayari kubeba samadi?